Dobi akueleze: namna ya kukusanya jezi za besiboli zilizovaliwa uwanjani

Jezi ya kwanza niliyowahi kupewa niliifua.

Nilikuwa dobi, ndiyo kazi yangu. Misimu sita mfululizo, kila Februari na Machi, nilifua nguo katika uwanja mmoja wa Arizona, jimbo ambako timu 15 za Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani hujinoa kabla ya msimu. 15 nyingine huenda Florida. Mchezo ukiisha nazoa mapipa ya nguo, natenga nyeupe na za kijivu, nasugua udongo mwekundu, na kabla hakujapambazuka kila jezi imesharudi kwenye kabati la mwenyewe. Siku ya mwisho ya msimu wangu wa pili, kocha wa wapigaji aliyekuwa anastaafu alivua jezi yake akanirushia. "Chukua," akasema, "umeihangaikia kuliko mimi."

Nikaenda nayo nyumbani. Begani ilikuwa na lami ya msonobari, ile wanayopaka kwenye gongo la kupigia mpira ili mikono isiteleze. Kifuani doa la tumbaku ya kutafuna, kwenye pindo udongo. Mimi na sifa zangu za kazi nikailoweka, nikaipaka dawa, nikaisugua mpaka ikang'aa, nikaipiga pasi. Miaka minne baadaye mkusanyaji mmoja wa siku nyingi aliigeuzageuza mikononi, akanitazama kwa huruma, akaniuliza: "Una hakika iliwahi kuvaliwa?"

Leo ninazo jezi 31. Nyingi ni za makocha, na za wachezaji ambao hata shabiki wa timu yao anaweza asiwakumbuke. Katika kuzitafuta nimepigwa, yaani kutapeliwa, mara tatu, tena mara moja nikiwa nimevaa miwani. Nawaandikia wanaotaka kuanza, wapigwe mara moja tu.

Ujue kwanza unachotafuta

Jezi iliyovaliwa mchezoni ni ile iliyoingia uwanjani ikiwa mgongoni mwa mtu. Ipo pia jezi iliyotolewa: timu ilimshonea mchezaji fulani, kwa kipimo chake na jina lake, lakini ikabaki kabatini. Halafu ipo ya dukani, ambayo inaweza kuwa imetoka kiwanda kilekile na imetiwa sahihi na mchezaji mwenyewe mbele ya macho yako. Sahihi inathibitisha kwamba alishika kalamu. Haithibitishi jasho. Muuzaji akikwambia "ni yake halisi", muulize: alivaa, alipewa, au alisaini tu? Akianza kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

Anzia kwa makocha

Katika michezo mingine kocha husimama pembeni na suti yake. Katika besiboli kocha mkuu na wasaidizi wake huvaa jezi ya timu yenye namba, na kanuni zinataka makocha wanaosimama kwenye kituo cha kwanza na cha tatu (kona ambazo wakimbiaji hupitia uwanjani) wawe ndani ya sare. (Connie Mack aliiongoza Philadelphia Athletics kwa miaka 50, hadi 1950, akiwa na suti na kofia yake ya kiraia. Ukiuziwa jezi ya Connie Mack ya ukocha, kimbia.)

Jezi za makocha hazigombewi, na hiyo ndiyo nafasi yako. Kila mtu anataka ya nyota. Nani anaitaka ya kocha wa kituo cha tatu aliyeitumikia timu miaka tisa? Mimi. Mtu huyo amesimama juani kila mechi, amepunga mikono mara elfu kuwaelekeza wakimbiaji, na kabla ya mchezo amewapigia wenzake mipira ya mazoezi. Jezi yake imefanya kazi. Tena makocha wengi waliwahi kucheza, kwa hiyo mlango mmoja unaweza kukufikisha kwenye jezi za aina mbili.

Ila angalia: makocha wakuu wengi hutupia jaketi au sweta juu ya jezi tangu mpira wa kwanza hadi wa mwisho. Jezi ya mtu kama huyo itakuja safi kama ya dukani na bado iwe ya kweli. Ndiyo maana mimi nawapenda wa vituoni. Wako wazi, wanapigwa jua, na wapiga picha huwanasa kila mkimbiaji akipita.

Kumpata mzee mwenyewe

Usimvizie mlangoni kwake. Nimeona watu wakifanya hivyo na nimeona haya kwa niaba yao.

Wachezaji wastaafu wa Ligi Kuu wana chama chao tangu 1982, Major League Baseball Players Alumni Association, kinachowapeleka wazee viwanjani kufundisha watoto. Kila timu nayo ina mtu au ofisi inayoshughulikia wastaafu wake, na barua ikipitia huko humfikia mhusika bila wewe kuchimba anwani yake. Kuna kambi ambazo mashabiki hulipa ili wafundishwe wiki nzima na wakongwe wa timu yao. Nyingi hufanyika Florida na Arizona, na jioni wazee hukaa wakapiga soga bila haraka. Kuna maonyesho ya kadi na sahihi, ila pale mzee analipwa kwa kila sahihi na foleni iko nyuma yako. Salimia, mpe kikaratasi chenye simu yako, ondoka. Na usidharau ligi ndogo, zile za chini ya Ligi Kuu. Timu za huko mara nyingi hupiga mnada jezi za usiku maalumu wachezaji wakiwa bado wamezivaa, pesa zikaenda kwenye hisani. Mchezaji anaivua, anakupa mkononi ikiwa na unyevu. Kwa anayeanza sijui darasa bora kuliko hilo: nunua moja, ukae nayo mwezi mzima, uzoee jinsi jezi iliyochezewa kweli inavyonuka, inavyokunjika na inavyochakaa.

Barua iandike kwa mkono, ukurasa mmoja, na uweke ndani bahasha nyingine yenye stempu na anwani yako ili asigharamike kujibu. Kabla hujaandika, soma kazi yake. Tovuti za Baseball-Reference na Retrosheet zinakuonyesha kila mechi aliyocheza. Kiini cha barua zangu ni hiki:

"Mheshimiwa, jina langu ni fulani, nilikuwa dobi wa timu kwa misimu sita. Najua ulikuwa kocha wa kituo cha kwanza kwa miaka mitano. Ninakusanya jezi za makocha kwa sababu nilizifua na najua kazi iliyofanyika ndani yake. Siulizi leo kama unauza. Naomba kujua tu kama ulibaki na yoyote, na kama ungekuwa tayari kunisimulia ulivyoipata."

Barua kumi, majibu matatu. Kati ya hayo matatu, moja ni la mke wa mzee akisema jezi zilishagawiwa wajukuu. Ndivyo ilivyo.

Ukishakaa naye mezani

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanaitazama jezi, wanatoa pochi. Wewe acha jezi mezani na umsikilize mwenye nayo.

Nina maswali yangu, na nayauliza kwa mpangilio mmoja kila mara. Uliipata kwa nani: kwa msimamizi wa vifaa, au uliondoka nayo? (Zamani jezi zilikuwa mali ya timu, na wazee wengi hucheka kidogo hapa. Cheka nao.) Uliipata msimu ukiisha au katikati? Mlikuwa na seti ngapi, za nyumbani na za ugenini? Iliwahi kutengenezwa, kupanuliwa, kupunguzwa mikono? Umewahi kuivaa tena baada ya kustaafu? Imewahi kufuliwa nyumbani?

Swali la kuivaa tena ndilo lililoniokoa kuliko yote. Wazee hualikwa kwenye mechi za wakongwe na sherehe za kumbukumbu, na timu huwashonea jezi mpya za mtindo wa zamani. Zaidi ya hapo, tangu Chicago White Sox walipocheza wakiwa na sare za mtindo wa 1917 mnamo Julai 1990, timu zimekuwa na desturi ya kuvaa mitindo ya kale siku moja moja. Miaka inapita, kila kitu kinaingia kwenye sanduku moja, na siku ya siku mzee anatoa jezi na kukuambia kwa moyo mweupe kabisa: "Hii ndiyo niliyoivaa 1968."

Yalinikuta. Mlinzi wa zamani wa kituo cha pili, mtu mpole, chai imeshamiminwa. Jezi nzuri, jina la timu limeshonwa vizuri kifuani. Nikaipitisha vidoleni tu nikajua: poliesta ya kufumwa. Mwaka 1968 Ligi Kuu nzima ilikuwa bado kwenye flaneli, kitambaa cha sufu iliyochanganywa na nyuzi nyingine. Wa kwanza kuingia uwanjani na sare za kitambaa cha kufumwa walikuwa Pittsburgh Pirates, Julai 1970, walipohamia Three Rivers Stadium, na wengine wakawafuata ndani ya miaka michache. Mzee hakuwa mwongo. Alikuwa na jezi mbili maishani mwake, akabakiwa na moja, na kumbukumbu zote mbili zikahamia kwenye iliyobaki.

Nilimwambiaje? Nilimwomba tuangalie pamoja picha zake za zamani. Tukazitandaza mezani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeona kwamba ile ya pichani ilikuwa imelegea mwilini kama gunia na hii ilibana. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi ile alichukua ndugu yangu." Tukamaliza chai. Usimsute mzee nyumbani kwake. Acha picha ziseme.

Kuisoma nguo

Sasa nimefika kwenye shamba langu.

Nguo ikivaliwa na kufuliwa kwa mashine kubwa za timu, haichakai sawasawa. Inaanza ukosi, kwa ndani, pale shingo inaposugua. Halafu kwapani. Halafu pindo la chini, linaloingizwa kwenye suruali na kuchomoka kutwa nzima. Matundu ya vifungo yanalegea, hasa la juu na lile la usawa wa tumbo. Namba za mgongoni, kama ni za kitambaa kilichoshonewa juu, hujikunja kidogo kingoni kwa sababu jezi na namba hazisinyai kwa kiasi kimoja. Mghushi hafikirii hivi. Yeye hupaka tope kifuani, huchana kidogo kiwiko, basi. Kwa hiyo mimi huigeuza jezi ndani nje kwanza, kabla ya kuangalia jina. Ndani ya ukosi kweupe pe, nje kumejaa matope? Rudisha.

Udongo nao una umri. Ulioingia jana umekaa juu ya uzi. Ulioingia, ukafuliwa, ukaingia tena, ukafuliwa tena, umezama ndani ya uzi na umegeuka kivuli cha hudhurungi kisicho na kingo. Hakuna aliyeweza kunidanganya kwa hicho kivuli, maana nilihangaika nacho misimu sita nikijaribu kukiondoa.

Kisha uliza nguo ilikuwa ya nani kikazi. Mpigaji anayepiga kwa mkono wa kulia hulaza gongo bega la kulia akisubiri, kwa hiyo lami inatakiwa iwe huko. Lami ikiwa bega la kushoto na mtu hakupiga kwa kushoto, una swali. Mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji huvaa kinga ya kifua, hivyo kifua chake huwa kisafi kuliko cha wenzake, lakini mikanda ya kinga husugua mgongoni, juu ya namba na jina. Mrushaji anachafuka kidogo sana. Kwake tazama kwapa la mkono anaorushia, kitambaa kimevutika. Wakimbiaji wanaojitupa kwa kifua watakuonyesha nyuzi zilizokwanyuka kati ya vifungo. Kocha wa kituoni: mgongo na mabega yamefifia kwa jua, magoti hayakuhusu, na ukiona doa la tumbaku linaloteremka kama machozi upande mmoja wa kifua, mpende.

Lebo zisome, lakini zisome mwisho. Ndani ya ukosi au kwenye pindo timu na viwanda viliweka kipimo, mwaka, namba ya seti, wakati mwingine namba ya mchezaji. Kwenye flaneli jina la mchezaji mara nyingi lilitariziwa kwa uzi. Jua nani alishona nini na lini: Majestic walikuwa washonaji pekee wa Ligi Kuu kuanzia 2005 hadi 2019, na tangu 2020 alama ya Nike iko kifuani. Jezi ya msimu wa 2003 yenye alama ya Nike kifuani imejishtaki yenyewe. Jina mgongoni vilevile: lilianza na White Sox mwaka 1960, na Yankees mpaka leo hawaliweki kwenye sare zao za kawaida. Namba nazo: Yankees walizianza kwa kudumu mwaka 1929, wakazigawa kwa mpangilio wa kupiga, ndiyo maana nyota wao Babe Ruth alikuwa 3 na Lou Gehrig 4.

Viraka na tepe za msiba ni kalenda iliyoshonwa. Kiraka cha miaka 100 ya besiboli ya kulipwa ni cha 1969. Pirates walimvalia mchezaji wao Roberto Clemente namba 21 mkononi msimu wa 1973, baada ya ajali ya ndege iliyomuua Desemba 31, 1972. Yankees walivaa utepe mweusi baada ya mchezaji wao Thurman Munson kufariki Agosti 2, 1979, kwa hiyo jezi ya Yankees ya Mei 1979 yenye utepe huo haiwezekani. Kama kiraka kilitolewa, tundu za sindano zinabaki, na kitambaa kilichokuwa chini yake kina rangi nzito kuliko jirani zake. Hilo peke yake si kosa. Timu za zamani hazikutupa kitu: jezi ya Ligi Kuu iliteremshwa ligi ndogo, jina likabanduliwa, namba ikabadilishwa, ikachezewa misimu mingine miwili. Kosa ni pale mtu anaporudisha jina jipya juu ya kivuli cha zamani na kukuuzia kama vile halikuwahi kutoka. Nunua taa ndogo ya mwanga wa urujuanimno. Gizani, uzi wa juzi huwaka tofauti na uzi wa miaka 50 iliyopita, na mshono uliorudiwa unajitokeza kama mstari wa chaki.

Picha ndiyo shahidi

Jezi mbili za kiwanda kimoja, siku moja, kipimo kimoja, hazifanani. Jezi zenye mistari myembamba ndizo rahisi kuliko zote: angalia mstari unakatia wapi kwenye herufi, unapita kushoto au kulia kwa kifungo cha tatu, unakutana vipi na mshono wa bega. Mshonaji hakupanga hayo, yalitokea tu. Ukipata picha kali ya mchezo, na mistari minne au mitano ikakaa palepale ilipo kwenye jezi yako, umemaliza. Jezi zisizo na mistari tafuta nyuzi zilizochomoza, herufi iliyoinama, kiraka kilichopinda, mahali palipowekwa viraka.

Makosa ya washonaji ni zawadi. Aprili 17, 2009, Adam Dunn na Ryan Zimmerman wa Washington Nationals waliingia uwanjani wakiwa wameandikwa "Natinals". Aliyenazo hahitaji kubishana na mtu.

Kama unadhani haya ni mambo ya watu wenye muda mwingi, tazama jezi ya Babe Ruth ya Fainali za 1932, ya siku inayosimuliwa kuwa alinyoosha kidole kabla ya kupiga mpira nje ya uwanja kule Wrigley Field. Mwaka 2005 iliuzwa dola 940,000. Baadaye ikalinganishwa na picha za siku ile, mshono kwa mshono, na Agosti 2024 ikauzwa dola milioni 24.12. Nguo ni ileile.

Kuna jezi moja ambayo picha ni lazima, si hiari. Namba 42 ilistaafishwa na ligi nzima mwaka 1997 kwa heshima ya Jackie Robinson, mchezaji Mweusi aliyevunja ubaguzi wa rangi Ligi Kuu, na tangu 2009 kila Aprili 15 wachezaji na makocha wote huvaa 42, bila jina mgongoni. Fikiria: uwanja mzima namba moja, hakuna jina. Mtu akikuuzia 42 ya Aprili 15 na hadithi tupu, amekuuzia mbuzi kwenye gunia.

Stika, barua na daftari

Kwa jezi za 2001 kuja huku mambo ni mepesi. Ligi Kuu ilianzisha mwaka huo mpango wake wa uthibitisho, baada ya upelelezi wa FBI kufichua biashara kubwa ya sahihi za kughushi. Mthibitishaji, mara nyingi polisi wa sasa au mstaafu, hukaa uwanjani, hushuhudia, kisha hubandika stika ya hologramu yenye namba. Namba hiyo unaiingiza kwenye tovuti ya ligi na kusoma tarehe na mchezo. Soma kweli, usitosheke kuona stika: nyingine zinasema "imetolewa na timu", si "imevaliwa".

Za nyuma ya hapo unahitaji barua ya mwenyewe, na barua nzuri ni ya kuchosha kuisoma. Inataja timu, msimu, namba, nyumbani au ugenini, aliipata kwa nani, imekaa wapi tangu hapo, na tarehe aliyokukabidhi. Inaeleza alama zilizopo mwilini mwa jezi ("kifungo cha pili kilibadilishwa, kuna mshono wa mkono kwapani kushoto") ili barua isije ikahamishiwa jezi nyingine. Anasaini, unampiga picha ameshika jezi na barua. Zipo pia kampuni zinazolinganisha jezi na picha kwa malipo, kama MeiGray. Tumia kwa jezi inayostahili gharama hiyo.

Halafu andika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwetu wakusanyaji hiyo si methali, ni taarifa ya hasara. Daftari langu lina ukurasa mmoja kwa kila jezi: vipimo vya kifua na urefu nilivyopima mwenyewe, lebo zote, majibu ya mzee kwa yale maswali, kiasi nilicholipa.

Pesa

Kabla hujapunguza bei, jua unayempunguzia. Mchezaji wa kabla ya 1980 alihitaji miaka minne ya utumishi Ligi Kuu ili apate pensheni. Waliokuja baadaye wanahitaji siku 43 tu. Mamia ya wale wa zamani waliachwa nje, na makubaliano ya 2011 yaliwapa malipo yasiyozidi dola 10,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Mzee unayezungumza naye anaweza kuwa mmoja wao. Don Larsen, aliyerusha mchezo kamili pekee katika historia ya Fainali, yaani bila mpinzani hata mmoja kufika kituoni, Oktoba 8, 1956, aliuza sare ya siku hiyo mwaka 2012 kwa dola 756,000, apate kuwasomesha wajukuu chuo.

Kwa hiyo mimi humwambia mzee ukweli wa bei hata kama unaniumiza. Mara mbili nimemwambia mtu: "Hii ni kubwa kuliko mfuko wangu, ipeleke mnadani." Mmoja aliipeleka. Mwingine alisema hataki mnada, akaniuzia kwa dola 400 na sharti la kutoiuza mpaka afe. Niliandika sharti hilo kwenye daftari.

Lipa kwa hundi. Hundi iliyolipwa ni karatasi nyingine inayoungana na barua.

Kuitunza

Usifue. Naandika hili kwa mkono uleule uliofua.

Usiipeleke kwa draiklina, usipige pasi, usitundike flaneli kwenye hanga, maana uzito wake wenyewe utavuta mabega. Laza kwenye boksi lisilo na asidi, weka karatasi laini zisizo na asidi kwenye mikunjo, na kila miezi michache ikunje mahali pengine ili mkunjo usiwe ufa. Mwanga wa jua huua rangi na sahihi. Ukitaka kuiweka kwenye fremu, tumia kioo kinachozuia urujuanimno na uiweke ukuta usiopigwa na jua. Usiruhusu tepu wala gundi iguse kitambaa. Flaneli iliyotoka kwenye dari la nyumba ya mtu ichukulie kuwa ina nondo mpaka ithibitike vingine: itie kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, ziba, weka kwenye friza wiki mbili, kisha iache siku nzima iyeyuke kabla hujafungua, isije ikalowa.

Ile ya kwanza, niliyoisugua ikang'aa, nimeilaza peke yake kwenye boksi la juu. Yule kocha bado yu hai. Mwaka juzi nilimpelekea picha yake nikiungama nilichofanya, na akaniandikia barua ya kurasa mbili, timu, msimu, namba, kila kitu, na chini ya sahihi akaongeza kwa herufi kubwa: MADOA YALIKUWEPO.

Na yupo mmoja ninayemfuatilia kwa mwaka wa saba sasa, kocha wa kituo cha tatu, jezi ya kijivu ya ugenini ya 1984. Kila Februari nampigia simu. Tunaongea mpira dakika arobaini, ananiambia magoti yanauma, kisha namuuliza kama mwaka huu yuko tayari. Anamwita mkewe, namsikia akiuliza kwa mbali. Jibu ni lilelile: mama bado anaivaa akilala.